Trafiki wa Mtego Namba Kumi na Saba

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika mbung'o hata mmoja. Nilishika kopo la grisi. Msimamizi wa Mitego, mtu mrefu mwenye kofia ya turubai, alinikabidhi kopo hilo na kipande cha kitambaa, akanionyesha mlingoti wa chuma uliobeba mtego.

"Paka kuanzia hapa hadi hapa," alisema. "Usipopaka, siafu watapanda na kula mbung'o wote, halafu asubuhi utaniletea sifuri ambayo si sifuri."

"Sifuri ambayo si sifuri ndiyo ipi, mzee?"

"Ya mtu mvivu. Kuna sifuri ya mtego uliokosa nzi, na kuna sifuri ya mtego ulioibiwa na siafu. Kwenye karatasi zinafanana. Wewe ndiye unayejua ni ipi, na wewe ndiye ninayekuajiri."

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na cheti cha darasa la saba. Tulikuwa porini, magharibi ya Kahama, mahali ambapo wafugaji walikuwa wakipoteza ng'ombe kwa ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Kazi yangu iliitwa mhudumu wa mitego. Niliifanya, katika ngazi moja na nyingine, kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwaka jana nilistaafu kwa hiari. Naandika haya kwa vijana wanaoingia sasa katika kazi za wadudu, wawe wa mifugo, wa misitu au wa mazingira migodini, kwa sababu wengi wananiuliza tulifanyaje kazi bila simu ya kupiga picha.

Mtego wa mbung'o ni kitambaa cha buluu na cheusi kilichoshonwa kama hema dogo, na juu yake kuna koni ya chandarua inayoishia kwenye chupa. Mbung'o huvutwa na buluu akiwa mbali, akifika hutua kwenye cheusi, kisha hupanda kuufuata mwanga mpaka ndani ya chupa, na hapo hajui njia ya kurudi. Pembeni tunaweka mkojo wa ng'ombe uliokaa siku kadhaa, kwa sababu harufu yake humwambia kwamba kuna chakula. Kila asubuhi mhudumu huvua chupa, huhesabu majike na madume, huwatia kwenye kichupa cha spiriti na kuandika kwenye daftari la mitego. Mbung'o aliyetulia hutambulika haraka: mabawa yake hulaliana mgongoni kama mkasi uliofungwa. Wadudu wengine wote waliomo ndani ya chupa tuliwaita takataka, na tuliwamwaga.

Nataka hilo likumbukwe. Kwa miaka mingi nilimwaga takataka.

Kituo changu cha pili kilikuwa upande wa Bulyanhulu, kwenye vichaka vilivyozunguka machimbo ya wachimbaji wadogo. Huko tatizo halikuwa siafu. Wachimbaji walikipenda kitambaa chetu. Asubuhi moja nilikutana na mtego namba nne ukitembea barabarani, umeshonwa kaptula, na aliyeivaa akanisalimia kwa heshima zote. "Shikamoo, bwana wadudu." Nilimwitikia marahaba. Ningefanya nini? Niliandika kwenye daftari: mtego namba nne, haupo. Sikuandika sifuri.

Miaka hiyo ndiyo nilianza kujisomea. Mwalimu wa sekondari mmoja aliniazima kitabu cha baiolojia, na ofisini kulikuwa na mwongozo wa wadudu wa Kiingereza uliopigwa chapa ya zamani, umeliwa na mchwa kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi nyuma. Nilinunua kamusi. Nilisoma ukurasa mmoja kwa siku, nikaandika kila neno jipya nyuma ya karatasi za mitego zilizoharibika. Kwa njia hiyo nilijua kwamba nyuki ana mabawa manne na nzi ana mawili, na kwamba mahali pa yale mengine mawili nzi ana virungu vidogo sana vinavyomsaidia kujisawazisha angani. Siku niliyoviona kwa kioo cha kukuzia, nilicheka peke yangu porini.

Kisha nilihamishiwa kituo kidogo kando ya barabara ya Biharamulo, nje ya Buseresere. Hapo ndipo kazi yangu ilipotaka kuniponyoka, na hapo ndipo ilipoanza kweli.

Simu zilikuwa zimefika, lakini zilikuwa za kupigia tu. Nilikuwa na mitego ishirini katika msitu wa miti ya mitundu, na mtego namba kumi na saba ulikuwa kwenye uwazi mdogo ambapo jua lilipenya kuanzia saa nne asubuhi. Kwenye mwanga huo, juu ya njia, usawa wa uso wangu, alikuwa anasimama nzi. Nasema anasimama kwa sababu sina neno jingine. Mabawa yalikwenda kasi hata hayakuonekana, na mwili ulitulia hewani kana kwamba umetundikwa kwa uzi. Wataalamu wana kundi zima la nzi wa namna hiyo, nzi wa maua, ambao wengi wao wamevaa mistari ya njano kama nyuki ingawa hawana mwiba. Nilikuwa nimewaona wa kawaida mara nyingi. Huyu alikuwa mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona, na alinikabili. Nikisogea, alibaki. Nikimpungia mkono, alitoweka na kurudi palepale. Wahudumu wenzangu walimwita Trafiki, kwa kuwa alisimamisha watu njiani.

Asubuhi moja nilimkuta ndani ya chupa ya mtego. Nilimsogeza kwenye mwanga nikamtazama machoni. Macho yake yalikuwa na rangi ya shaba, na kila moja lilikuwa na mistari minne ya giza, imepangwa sawasawa. Kwa mara ya kwanza sikuweza kumwaga takataka. Niliandika: "Nzi mmoja asiyejulikana. Husimama hewani. Macho yana mistari minne." Kisha nikafanya nilivyozoea kwa kila mdudu wa thamani. Nilimtia kwenye spiriti pamoja na mbung'o wa siku hiyo.

Mwisho wa mwezi Afisa Mfawidhi, mkuu wa kituo, aliniita. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na sauti ilivyozidi kushuka ndivyo hatari ilivyozidi kupanda. Wiki hiyohiyo alikuwa amemfukuza mhudumu mmoja aliyegundulika kwamba alikaa kilabuni wiki tatu na kupika namba za mitego yake. Mbele yake kulikuwa na karatasi yangu na kichupa changu.

"Mabula, nionyeshe mistari."

Nilishika kichupa. Nzi alikuwa kahawia kuanzia kichwa hadi mkia. Njano ilikuwa imefifia, na macho yalikuwa meusi matupu, bila mstari hata mmoja. Mtu yeyote angesema ni nzi wa chooni aliyelowa.

"Ilikuwepo, mkuu."

"Ilikuwepo." Alilirudia neno hilo polepole. "Mtu anayeandika mistari isiyokuwepo ataandika na mbung'o wasiokuwepo. Nikituma karatasi hii mkoani, namba zako zote ishirini za mitego zinaingia mashaka. Na ng'ombe wa watu wanapigwa dawa kwa kufuata namba hizi."

"Mkuu, nipe nafasi nimlete mwingine."

"Karatasi ya mwezi ujao. Ukija bila mistari, utaondoka kama mwenzako."

Nilirudi kambini nikafungua mwongozo wangu ulioliwa na mchwa. Ilinichukua siku mbili kuipata sentensi niliyoitafuta: rangi za macho ya baadhi ya nzi hupotea wakishakufa. Sikuwa nimekosea kuona. Nilikuwa nimekosea kuhifadhi. Tulichofundishwa kwa mbung'o, yaani spiriti, kilikuwa sumu kwa ushahidi wangu. Nzi wa maua hukaushwa na kuchomwa pini, na macho yake huandikwa akiwa hai. Kwa hiyo nilihitaji nzi aliye hai, mbele ya mkuu, na nilikuwa na mwezi mmoja.

Nilishona wavu kwa chandarua kilichochakaa na waya wa spoku. Kuanzia saa nne nilikuwa kwenye mtego namba kumi na saba. Siku ya kwanza nilirusha wavu mara nyingi nikakamata majani. Siku ya pili niliacha kurusha nikaanza kuandika, na hapo ndipo furaha ilipoanza kunishika. Dume jingine lilikuwa limechukua nafasi ya lile la chupani; lilifika jua lilipogusa njia na kuondoka kivuli kiliporudi. Lilimfukuza kila aliyepita: nyuki, kipepeo, nzi mwenzake. Nilirusha punje ya mtama, nalo likaifukuza punje, likagundua limedanganywa, likarudi mahali pake. Nilirusha tena, likafukuza tena. Nilirusha punje thelathini asubuhi hiyo. Mhudumu mwenzangu, Shija, alipita na baiskeli akasimama.

"Baba Holo, unalisha kuku gani huku porini?"

"Namrushia Trafiki."

Alizitazama punje zilizotapakaa njiani. "Nimwambie mama watoto aje akuchukue?"

Siku ya sita Trafiki hakuja. Wala ya saba. Maua ya miti yalikuwa yameisha, na madume yote yalikuwa yametoweka kama watu waliohama. Nilikaa chini kwenye ule uwazi na kuhesabu siku zilizobaki. Mwanangu Holo alikuwa darasa la pili. Mke wangu hakuwa amejua bado; nilimwambia naitwa ofisini kwa mafunzo.

Nilipokuwa nimekaa hivyo, nzi mmoja alipita chini chini, karibu na ardhi, bila kusimama hewani. Alikuwa na umbo lilelile, lakini macho yake hayakugusana juu ya kichwa, yaliachana. Hiyo ni alama ya jike. Hakuwa na haraka. Alikagua mashina moja baada ya jingine kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga. Nilimfuata kwa magoti. Kwenye mti mmoja mzee wa mtundu, tawi lilikuwa limevunjika zamani na kuacha shimo lililojaa maji ya mvua, meusi kama chai ya rangi iliyochemka mno. Alitua ukingoni, akainamisha tumbo, akataga.

Nilimwacha amalize. Kisha nilichota maji kwa kopo na kuyamimina kwenye sahani nyeupe, na nikawaona. Funza wa kijivu, wanene, kila mmoja na mkia mrefu kuliko mwili wake. Mkia huo ni mrija wa kupumulia. Funza hubaki chini kwenye matope akila uozo, na mkia hupanda hadi juu kutafuta hewa. Nilipoongeza maji, mkia ulirefuka. Nilipoyapunguza, ulifupika, vipande vikaingiana kama eriali ya redio. Nilirudia mara tano, si kwa sababu ya utafiti, bali kwa sababu sikuweza kuacha.

Nilichukua funza sita wakubwa. Watatu wa kwanza niliwaua kwa usafi. Nilitazama yale maji machafu nikaona aibu kuwaweka humo, nikawabadilishia maji ya kisima yaliyochemshwa na kupozwa, kama ya mtoto mchanga. Kesho yake walikuwa wamekufa. Chakula chao kilikuwa ndani ya ule uchafu. Watatu waliobaki niliwarudishia maji ya shimo lao na mti uliooza, na pembeni nikaweka unga mkavu wa mbao, kwa kuwa mwongozo ulisema funza aliyekomaa hutoka majini.

Walitoka. Walijikunja kwenye unga wa mbao wakawa mabuu, yaani ile hatua ambayo funza hujifungia ndani ya ganda gumu na kugeuka nzi. Lilikuwa ganda la kahawia lenye mkia uliokauka. Buu la kwanza liliota ukungu. La pili sikuelewa lilikufa kwa sababu gani. Likabaki moja, na siku zikabaki nne.

Siku ya karatasi nilifunga kopo kwa kitambaa, nikalishika mkononi na kuendesha baiskeli kwa mkono mmoja hadi kituoni. Usiku uliotangulia buu lilikuwa limebadilika likawa jeusi upande wa kichwa. Afisa Mfawidhi alikuwa mezani.

"Mistari?"

"Iko humu, mkuu."

Alichungulia ndani ya kopo. "Mabula, hiki ni kinyesi cha panya."

"Naomba nikae hapa mpaka kifunguke."

"Kinyesi kifunguke?"

"Ndiyo, mkuu."

Nadhani alinikubalia kwa sababu hakuna mwongo anayeomba kukaa. Nilikaa kwenye benchi, kopo likiwa magotini. Alisaini barua. Alikunywa chai. Saa tatu na nusu, ganda likapasuka kichwani, na kikatoka kitu kama puto dogo, kikijaa na kusinyaa, kikisukuma kifuniko. Nilisimama, nadhani nilipiga kelele, kwa maana mkuu alikuja mbio na kalamu mkononi. Nzi akajivuta nje, mweupemweupe, mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyotolewa mfukoni.

"Yuko wapi wa njano?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepanda, mara ya kwanza kuisikia hivyo.

"Subiri, mkuu. Bado anajikausha."

Hatukukaa tena. Tulisimama wote wawili juu ya lile kopo. Mabawa yalinyooka. Njano ikaja taratibu, kisha nyeusi. Macho yakapata rangi ya shaba, na ndani ya shaba hiyo giza likaanza kujipanga. Mkuu alishika kioo cha kukuzia, akainama hadi pua yake ikagusa kopo.

"Mmoja," alisema. "Miwili. Mitatu." Akafuta kioo kwa shati, akainama tena. "Minne."

Kisha akafungua mlango na kuita kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia. "Njooni wote! Aliyeko jikoni, aliyeko garini, wote!"

Alikuja mpishi wetu, Mama Neema, mikono ina unga. "Mkuu, huyo si nyuki? Atatuuma!"

"Hana mwiba. Hesabu mistari ya macho."

Dereva alihesabu, akasema nzi huyu amevaa sweta machoni. Shija alihesabu, akaniangalia, hakusema tena habari za kuku. Kila mmoja alipohesabu, Afisa Mfawidhi alimpa kalamu, akaandika kwenye daftari la kituo jina lake na idadi aliyoiona. Mama Neema aliacha alama ya unga kwenye ukurasa. Baada ya hapo tu ndipo mkuu aliponiruhusu nimuue na kumchoma pini. Kila nusu saa alikuja mezani kwangu kutazama. Kufikia alasiri macho yalikuwa meusi matupu.

"Imekwenda," alisema.

"Ndiyo, mkuu."

"Lakini tuliiona." Akachukua karatasi yangu ya mwezi uliopita, ile yenye mashaka, akaisaini.

Nzi huyo alitumwa kwa Mtaalamu wa Wadudu makao makuu. Jibu lilikuja baada ya miezi: ni wa aina inayokamatwa kwa nadra sana, na yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuona maelezo ya funza wake. Aliomba nakala ya daftari langu lote, pamoja na habari za punje za mtama. Mwaka uliofuata nilihamishiwa Shinyanga kutunza mkusanyiko wa wadudu waliokaushwa, na huko nilikaa mpaka kustaafu. Agizo langu la kwanza kwa wahudumu lilikuwa fupi: takataka zisimwagwe kabla ya kutazamwa.

Vijana, vifaa vyenu ni bora kuliko vyetu, nami nafurahi. Ila picha haitawaambia kwamba dume hufukuza punje, wala kwamba funza hufa kwa maji safi. Hayo huja kwa kukaa. Na mkishayaona, andikeni mlichokiona, kiasi mlichokiona, hata kama hakitoshi.

Sasa naishi Nyahanga, mjini Kahama. Jirani yangu Mama Kulwa ana duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, upande wa Bulyanhulu. Mwezi uliopita alinichukua nikaone machimbo yalivyobadilika, na kando ya duara lake nikakuta pipa lililokatwa, limejaa maji ya mvua na vipande vilivyooza vya matimba, ile miti inayozuia shimo lisiporomoke. Maji yalikuwa meusi kama chai. Nilichungulia, na mikia minne ikajivuta chini kwa pamoja. Aina nyingi zina funza wa namna hiyo, kwa hiyo sikusema lolote. Niliandika: funza wenye mkia, wanne, nzi hakuonekana. Nilimwomba Mama Kulwa asilimwage pipa, na nikamweleza habari za macho.

Juzi asubuhi simu ikaita.

"Baba Holo! Kimetoka!"

"Nini kimetoka?"

"Kidudu chako. Kiko ukingoni mwa pipa, kinakausha mabawa."

"Mtazame macho. Usimtie kivuli."

Nikasikia karasha ikisaga mawe kwa mbali.

"Yana mistari!"

"Mingapi?"

"Ngoja. Mmoja, miwili... Lo! Karuka."

"Ulifika mingapi?"

"Miwili. Ila ilikuwepo mingine, niliiona. Andika minne tu, si ndiyo unayoitaka?"

"Hapana. Naandika: mistari ipo, miwili imehesabiwa, nzi ameruka."

"Mzee wewe, hata kwa furaha huongezi kidogo! Haya njoo basi, bado watatu."

Alikuwa anaongea na mtu ambaye tayari amesimama barabarani, daftari kwapani, anampungia mkono bodaboda.